Mdudu wa Edmond

Jovial Alimasi alirudi Kalemie Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, saa tisa mchana, miaka miwili na miezi minane tangu wamzike Edmond. Hakupiga simu. Hakumtuma mtu mbele. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, begi moja begani, akasema "Hodi" kwa sauti ambayo Rachelle angeitambua hata katikati ya soko.

Rachelle hakugeuka mara moja. Jicho lake lilikuwa kwenye hadubini na vidole vyake vilishika sindano nyembamba. Aliogopa kwamba akigeuka atakuta ni mtu mwingine tu, labda mwanafunzi wake aliyekuja kuuliza matokeo ya mtihani. Aliiweka sindano chini polepole, akafuta viganja kwenye kitenge chake, ndipo akageuka.

Alikuwa yeye. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeota bila mpango. Kwenye kucha zake kulikuwa na weupe wa chokaa ya Kabimba, ule weupe wa watu wanaopasua mawe ya simenti, ambao hautoki hata kwa sabuni. Macho tu ndiyo hayakubadilika. Yalimtazama Rachelle kama zamani, kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza.

"Karibu," Rachelle akasema.

"Nilipata ujumbe wako."

"Niliutuma mwezi wa tano."

"Nilipata mwezi wa tano."

"Na hukujibu."

"Nilikuwa natafuta jibu." Jovial akashusha begi, akalifungua, akatoa chupa ndogo iliyoviringishwa ndani ya fulana. "Jibu njo hii, ndiyo hii."

Ndani ya chupa, chini kabisa ya alkoli, vililala vitu saba vya rangi ya kahawia iliyoungua. Mtu asiyejua angesema ni vipande vya gome la mti. Rachelle alijua. Akashika ukingo wa meza.

Chumba kile kilikuwa cha kaka yake. Edmond Banza alikuwa amefundisha biolojia kwenye chuo, lakini mapenzi yake yote yalikuwa kwa wadudu ambao hakuna mtu anayehangaika kuwatazama. Mwezi wa Novemba wa mwaka aliokufa alipanda Mlima Kabobo pamoja na Jovial, kijana wa Fizi, mwambao wa kaskazini, aliyezijua njia za mlima kwa sababu alikuwa amezipita miaka mingi na mizigo ya watu kichwani. Walipanda wawili. Jovial alirudi na maiti.

Kwenye vichupa alivyoacha Edmond, Rachelle, naye mwalimu wa biolojia kwenye lise, shule ya sekondari ya wasichana, alikuta wadudu wawili bapa kama mbegu za boga. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kutumia hadubini, na sasa kazi ilimwangukia yeye. Alipima, akachora, akapiga picha, akamtumia profesa Annie, mama mzee wa Ubelgiji aliyetumia miaka arobaini kwa ukoo huo wa kunguni wa magome. Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Profesa alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Si spishi mpya tu, aliandika, huenda ni jenasi nzima, mlango mpya kabisa katika ukoo. Lakini wote wawili ni majike. Bila dume, ambalo ndilo linaloitambulisha jenasi, asingeweza kuweka jina lake karibu na la Rachelle kwenye makala, wala asingemshauri yeye kuweka lake.

Na mti ulioanguka walimotoka wale wadudu, duniani alibaki mtu mmoja tu aliyeujua, na ndiye ambaye Rachelle alimtumia ujumbe.

"Uliupanda mlima peke yako?" Rachelle akauliza.

"Na nani mwingine?"

"Mpaka pale pale?"

"Mpaka pale pale." Jovial alitazama sakafu. "Ule muti bado umelala. Nilichukua saba, kisha nikarudisha gome vile nililikuta."

Rachelle alivuta kiti. Alimtoa mdudu wa kwanza kwa kibano, akamlaza chini ya lenzi. Jike. Wa pili, jike. Wa tatu alikuwa mwembamba kidogo, na ncha ya tumbo lake ilivimba ikawa mviringo, kama chungu kidogo kilichofunikwa.

"Mungu wangu," akanong'ona.

"Njo yeye?"

"Njo yeye. Kuya uone."

Akasogea kando. Jovial aliinama kwenye hadubini, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, bega lake likagusa bega la Rachelle. Hakuna aliyejiondoa. Alinukia moshi wa kuni na safari ndefu.

"Mabawa yake iko wapi?" Jovial akauliza, jicho bado kwenye lenzi.

"Angalia nyuma ya kichwa. Vile vipande viwili, kama kola ya shati. Basi, imeishia hapo. Ndugu zake wengine wenye mabawa mafupi, bawa linafika mbele kidogo. Huyu hapana. Hawezi kuruka hata siku moja. Anazaliwa chini ya gome, anakula kuvu chini ya gome, anafia pale."

"Edmond alisema hivyo. Alisema, 'Jo, hawa ni watu wasio na haraka.'"

Jina la kaka yake lilikaa hewani. Katika nyumba ile lilitajwa kwenye sala tu, na kila lilipotajwa mama alilia. Sasa lilitajwa na mtu aliyekuwa akitabasamu kidogo, na Rachelle alihisi kitu kikifunguka kifuani ambacho hakuwa amejua kwamba kilifungwa. Alitamani kumshika mkono. Alikuwa amezoea kumpelekea chai mtu huyu, zamani, alipokuja kubeba mitego ya Edmond; chai ambayo hakuna aliyeiomba. Papa, baba yake, alikuwa ameliona hilo kabla yao wenyewe. "Yule ni muntu wa mitumbwi," papa alisema. "Hana diplome. Watu wake tunawajua wapi? Sisi ni watu wa Ankoro, tunaoana na watu tunaojuana." Edmond alikuwa amecheka, akamwambia dada yake asiogope: wakirudi kutoka mlimani, yeye mwenyewe angezungumza na papa, na ikifika Pasaka wazee wa Jovial wangekuja kubisha hodi kwa posa.

Hakurudi kuzungumza na mtu yeyote.

"Naweza kuona mulichoandika?" Jovial akauliza.

Rachelle akasita. "Haijakwisha."

"Nione tu."

Akafungua kompyuta. Makala ilikuwa ya Kifaransa, kurasa kumi na tisa na michoro. Jovial alisoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayevuka daraja la mbao. Alifika kwenye mstari unaoeleza wadudu walikusanywa wapi, lini na nani. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa E. Banza."

Rachelle aliitazama skrini.

"Kwenye kikaratasi cha Edmond, kile alichoweka ndani ya chupa, kulikuwa na majina mawili. Nilimuona akiandika, ile jioni ya mwisho. Mi njo nilimushikia taa."

"Najua."

"Nani alilitoa?"

"Mimi." Akainua kichwa, kwa kuwa alijiapiza kwamba siku hii ikija hatajificha. "Papa alisema jina lako likionekana kwenye karatasi ya mtoto wake, nisimuite tena papa. Nililitoa. Nililia, lakini nililitoa."

Jovial alisogea nyuma. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Rachelle zaidi. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia.

"Ni sawa," akasema.

"Si sawa! Juu ya nini, kwa nini unasema ni sawa?"

"Rachelle..."

"Sema kitu! Kwenye matanga ulisimama nje ya lango siku tatu, watu wanakutukana, ukanyamaza. Papa alisema ulimuacha mwanawe afe, ukanyamaza. Mimi nilikuja pale langoni, nikakuuliza kwa macho yangu, ukageuza uso. Kisha ukaenda Kabimba. Miaka miwili! Nilifikiri papa alikushinda. Nilifikiri kumbe hukunipenda vile nilifikiri."

"Nilikupenda kuliko vile ulifikiri."

"Basi mapenzi gani haya ya kukimbia?"

Jovial alitazama begi lake sakafuni. Nje, jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mapigo ya mchi yalisikika mpaka chumbani.

Rachelle akafungua daftari la kaka yake, lile la safari. Alikuwa na swali lililomsumbua tangu siku ya kwanza ya kazi ile.

"Niambie kitu kimoja," akasema kwa sauti ya chini. "Edmond alipanga kubadilisha kambi kila siku. Ameandika hapa, kwa mkono wake. Siku nane, kambi nane. Lakini vikaratasi vyote vya tarehe tisa mpaka kumi na tatu ni vya mahali pamoja, pale kwenye muti ulioanguka. Juu ya nini mulikaa pale siku tano?"

Aliona rangi ikitoka usoni mwake.

"Jovial?"

"Nilikuwa mugonjwa," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Tarehe nane tulivuka mto, maji yalinivuta, begi langu likaenda. Dawa yangu ya malaria ilikuwa mle ndani. Tulikuwa na boksi mbili, moja yangu, moja yake. Ikabaki yake." Alisema kama mtu anayekariri kitu alichokisema peke yake mara nyingi. "Siku iliyofuata homa ikanikamata. Homa mbaya. Nilikuwa naongea na marehemu mama yangu. Edmond alinipa vidonge. Nilikataa. Nilimuambia, 'Nusu tu, nyingine weka.' Akasema nusu haiponyeshi, inachezea ugonjwa tu. Akanifungua mdomo kama mutoto. Siku tatu, asubuhi na jioni, mpaka vikaisha."

Rachelle alikaa. Hakukumbuka kuvuta kiti.

"Kwa sababu mimi sikuweza kutembea, yeye hakuwa na kazi," Jovial akaendelea. "Akaanza kufungua gome la ule muti, karibu na mahali nililala. Siku ya pili akawapata hawa. Alikuja nao juu ya jani, anacheka, ananionyesha, na mimi nilikuwa naona majani matatu. Tarehe kumi na tatu nilikaa. Nilikunywa uji. Na jioni ile ile yeye akaanza kutetemeka."

"Na dawa ilikuwa imekwisha."

"Ilikuwa ndani yangu mimi."

Mchi wa jirani ulikuwa umenyamaza. Rachelle alimtazama mwanamume aliyesimama mbele yake, kifua kinachopanda na kushuka, mshipa unaopiga shingoni, na kwa dakika moja nzima alimchukia. Alichukia pumzi yake. Alijua ni dhambi, na hakuweza kuizuia. Kisha akaona kwamba Jovial anaijua chuki hiyo, kwamba ameishi nayo kule Kabimba kila alipoamka. Moyo wake ukapasuka kwa namna nyingine.

"Ndiyo sababu uligeuza uso," akasema.

"Ningekuambia nini? Ningesimama mbele ya mama yako niseme, 'Nipo hai kwa dawa ya mtoto wako'? Na baadaye nikuombe tuoane, nikae kwenye meza yenu, pahali pake?"

Lango la mbele likalia. Sauti ya mama yake, Mama Claudine, ilisikika, ikimsalimu jirani, na nyuma yake kikohozi cha Papa Apollinaire. Walikuwa wametoka kwenye kikao cha parokia mapema.

Rachelle akasimama haraka. "Pita mlango wa jikoni. Tafadhali. Nitawaambia mimi mwenyewe, polepole."

Jovial alichukua begi lake. Alitazama mlango wa jikoni, kisha akaliweka begi chini tena.

"Miaka miwili napita nyuma," akasema. "Leo hapana."

Papa Apollinaire alikuwa karani wa reli kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu alivaa koti kila anapotoka. Alisimama kwenye mlango wa chumba na koti lake. Tangu Edmond afe, alikuwa hajaingia mle.

"Huyu muntu anafanya nini mu nyumba yangu?"

"Papa, nisikilize..." Rachelle akaanza.

"Sikukuuliza wewe."

"Nimekuja kusema kile sikusema siku ya matanga, papa," Jovial akasema. "Ukiisha kusikia, nifukuze."

Akasema yote tena. Mto, boksi mbili, homa, vidonge. Safari hii hakuruka neno. Mama Claudine aliingia akimpita mumewe, akakaa kwenye kitanda cha mwanawe kilichokuwa kimetandikwa muda wote huo, mkoba bado mkononi. Hakulia. Jovial alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Siku ya mwisho, alikula nini?"

"Ndizi mbivu, mama. Nusu. Ile nusu nyingine alisema ni yangu."

Mama akafumba macho. "Tangu mutoto alikuwa hivyo," akasema. "Hakuwahi kumaliza kitu peke yake." Akanyoosha mkono, na Jovial, asijue la kufanya, akapiga magoti. Mama aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, jinsi mtu anavyopima homa ya mtoto, akakiacha pale muda mrefu. "Usipotee tena. Unasikia? Kama mwanangu alikulipia, usipotee tena."

"Claudine," papa akasema.

"Acha niongee. Miaka yote hii nafikiri mwanangu alikufa kwa uzembe wa mwenzake. Leo nasikia alikufa akimuponyesha muntu. Unataka nikasirike?"

Papa Apollinaire hakumtazama mkewe. Alimtazama Jovial.

"Toka," akasema. Hakupaza sauti. "Toka sasa."

Jovial alisimama. Mlangoni aligeuka, si kwa papa bali kwa Rachelle, na katika mtazamo ule mfupi Rachelle alisoma kwamba hakuwa amekuja kudai kitu. "Niko kwa dada yangu, ku Kataki," akasema. "Kesho kutwa narudi kazini."

Akaenda. Rachelle alisikia lango likifungwa taratibu.

Jumapili baada ya misa, Rachelle alirudi kwenye hadubini, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mikono yake. Alimchora dume. Alipima urefu wa kichwa, sehemu nne za papasi, zile pembe za kupapasia, vile vipande viwili vya bawa visivyofika popote. Kisha akafungua makala, akaenda kwenye ule mstari, akaandika jina la Jovial Alimasi pembeni ya la kaka yake. Akaongeza aya nzima: kwamba dume la kwanza la jenasi hii lilipatikana kwa sababu mtu huyo aliurudia mlima peke yake.

Alikuwa bado anaandika alipohisi kwamba hayuko peke yake. Papa alikuwa amesimama ndani ya chumba. Ndani, si mlangoni.

"Njo huyo?" papa akauliza, akionyesha hadubini kwa kidevu.

"Njo huyo, papa."

Mzee akavua miwani, akainama. Ilimchukua muda kuona.

"Ni kitu kidogo hivi?"

"Milimita tano."

"Na watu wa Ulaya wanasema hawajamuona?"

"Hakuna aliyemuona, papa. Edmond njo wa kwanza."

Papa aliendelea kuinama. Rachelle aliona mgongo wa koti ukitikisika mara moja, halafu ukatulia.

"Papa, nimerudisha jina la Jovial kwenye karatasi. Sikuombi ruhusa. Nakuambia tu, ili usilikute siku nyingine ukafikiri nilikuficha. Kama unataka nisikuite papa, nitanyamaza, lakini jina litabaki."

Alingoja. Mzee alivaa miwani yake, akakaa kwenye kitanda, mahali pale pale alipokuwa amekaa mkewe jana.

"Kutoka kwenye ule muti mpaka kijiji cha Bendera," akasema, "ni mwendo gani?"

"Edmond aliandika siku mbili, kwa muntu mzima mwenye afya."

"Na kaka yako alikuwa na kilo ngapi?"

"Sabini na kitu, papa."

Papa alihesabu kitu kichwani, kwa midomo, kama alivyohesabu mabehewa zamani. "Wale watu wa usine, kile kiwanda cha umeme, njo walimuleta hapa na camion, na lori lao," akasema. "Niliwashukuru. Niliwapa mikono wote. Nilifikiri wao njo walimutoa mulimani. Sikuuliza." Akasimama. "Vaa viatu."

Walikwenda kwa miguu mpaka Kataki. Papa alitangulia njia nzima, Rachelle akimfuata nyuma. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukitoka ziwani na kurusha vumbi. Mama Précieuse, dada yake Jovial, alikuwa akigeuza ndakala, dagaa wa ziwa, waliotandazwa kwenye mkeka juani. Alipomwona mzee yule mwenye koti akiingia uani kwake, mikono yake ikabaki hewani.

"Karibu, papa. Kiti! Nileteeni kiti!"

"Nitasimama," papa akasema. "Kaka yako iko?"

Jovial alitoka ndani akiwa na fulana, akifunga vifungo vya shati alilokuwa hajalivaa vizuri. Alimwona papa, kisha Rachelle nyuma yake. Akashusha mikono.

"Ulimubeba wewe?" papa akauliza bila salamu.

"Ndiyo, papa."

"Kutoka kwenye muti mpaka Bendera?"

"Mpaka kwenye barabara ya Bendera. Pale nilikutana na wale watu wa usine."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Na wewe ulikuwa umetoka kitandani jana yake."

Jovial aliinamisha kichwa.

"Siku ngapi?"

"Siku mbili na nusu." Jovial alimtazama Rachelle kana kwamba anaomba msamaha kwa neno linalofuata. "Siku mbili alikuwa anaongea. Aliongea sana juu yenu. Asubuhi ya tatu hakuongea tena. Ile nusu ya mwisho nilibeba mwili, papa. Ningeweza kumulaza pale, nifunike na majani, nishuke kuita watu. Sikuweza kumuacha peke yake. Nilimufunga na kamba mgongoni, nikashuka."

Rachelle aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama Précieuse alikuwa ameketi chini, kando ya mkeka wake, akimtazama kaka yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Hata yeye hakuwahi kuambiwa.

Papa Apollinaire alitafuta kitu cha kushika. Hakukuwa na kitu. Jovial alipiga hatua mbili, akamshika kiwiko, na mzee hakuuondoa mkono ule. Aliachia uzito wake wote juu yake, akaongozwa mpaka kwenye benchi la ukutani, akakaa.

"Maji," akasema.

Précieuse alikimbia kuleta. Papa alikunywa kikombe chote, akakirudisha, akashukuru. Kisha akabaki akitazama mikono yake mwenyewe.

"Mi nilimuzaa," akasema. "Na nisingeweza. Mugongo wangu usingeweza. Ningemuacha pale, nishuke kuita watu." Akainamisha uso. "Na mi nilikuita muuaji mbele ya kanisa zima."

"Ulikuwa na uchungu, papa."

"Usinitetee. Nitasema mbele ya kanisa hilo hilo. Hiyo ni kazi yangu mimi." Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya karani wa reli. "Wazee wako kule Fizi. Wako wazima?"

Jovial alishindwa kuelewa. "Baba mkubwa yuko, papa. Na wajomba wawili."

"Walipaswa kuja nyumbani kwangu wakati fulani. Mwanangu alinidokezea hilo neno kabla ya kupanda, akasema tutaongea akirudi. Nilijifanya sikusikia." Akakohoa. "Sisemi nimekubali. Nasema wakuje. Watakaa, watasema, nitawasikiliza. Wanaweza kuja lini?"

Rachelle alimtazama Jovial, na Jovial alimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuna aliyeshusha macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka yule mwanamume aliyenyamaza miaka miwili, na hakuyafuta.

"Sasa wako kwenye uvuvi, papa," akasema kwa taabu. "Wote wanarudi nyumbani Noeli. Nitawaambia wakuje Noeli."

Papa Apollinaire alisimama, akanyoosha koti lake, akalifunga kifungo kimoja kimoja.

"Noeli," akasema, "ni mbali."